Ni "Earth" Ipi? Udongo, Ardhi, Nchi na Dunia Katika Nahau za Kiingereza

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mjini Tanga, mbele ya walimu wa lugha, wafasiri na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Waliokosa kufika wameomba maandishi yake. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, isipokuwa pale nilipokuwa nikiandika ubaoni.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wanangu wanafunzi, hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki nimeizingatia, kwa hiyo mniruhusu niingie kwenye lile nililoitiwa.

Nitaanza na msiba.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mama mmoja, mwalimu mstaafu. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai, ikaletwa barua ya rambirambi kutoka Uingereza. Aliyeiandika alikuwa mwalimu aliyewahi kufundisha naye zamani, mtu mzima sasa, asiyeweza tena kusafiri. Kijana mmoja wa ukoo ule, msomi, akapewa aisome na kuifasiri papo hapo. Akaenda vizuri, watu wakiitikia kwa vichwa, mpaka akafika kwenye maneno haya: "She was a down-to-earth woman, the salt of the earth."

Kijana akasita. Kisha akasema: "Alikuwa mwanamke wa hali ya chini, chumvi ya udongo."

Ndugu zangu, kimya cha msibani mnakijua. Lakini kuna kimya kingine, kile cha watu waliosikia jambo ambalo hawakutegemea kulisikia. Binti mkubwa wa marehemu aliinamisha uso. Mzee aliyeketi karibu yangu akaninong'oneza, "Haya ndiyo maneno ya kutuletea leo?" Yule mwandishi wa barua alikuwa ametafuta sifa mbili za kumuaga rafiki yake kwa heshima. Zilipofika Tanga, moja ilikuwa tusi na ya pili ilikuwa fumbo.

Simlaumu kijana. Mkimpa kamusi, ataonyesha kila neno lilipo. Hakukosea neno hata moja, ila hakujiuliza swali ambalo leo nataka tutoke nalo hapa. Neno "earth" linapotokea, tuulize: ni earth ipi?

Maana Mwingereza ana neno moja pale ambapo sisi tuna ukoo mzima. Mkulima akiinama na jembe lake, anachokichimba ni udongo. Akienda kwa mwenyekiti wa kijiji kwa sababu jirani amesogeza mpaka, anachokidai ni ardhi. Akisimama kuimba wimbo wa taifa, anaimba nchi. Mtoto wake akiteleza mlangoni, ameanguka chini. Akifiwa, anasema dunia tunapita. Mwanafunzi wake wa jiografia akichora sayari ya tatu kutoka kwenye jua, ni Dunia tena, sasa kwa herufi kubwa. Huyu Mwingereza, katika mengi ya hayo, ana earth na earth na earth.

Hili si jambo nililolibuni mimi. Fungueni Mathayo sura ya 5 katika Biblia ya Kiswahili ambayo makanisa mengi yanaisoma. Mstari wa 5: "Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi." Mstari wa 13: "Ninyi ni chumvi ya dunia." Nchi huku, dunia kule. Sasa fungueni ya Kiingereza. Mstari wa 5, "earth". Mstari wa 13, "earth". Rudini kwenye Kigiriki chenyewe, ni neno moja, "gē", mara zote mbili. Mistari saba tu katikati! Wafasiri wetu walikaa, wakauliza: hii ni ipi? Wapole hurithi kitu chenye mipaka, kitu ambacho baba humwachia mwana, wakaandika nchi. Chumvi inawafaa watu wote popote walipo, wakaandika dunia. Mimi nikifundisha ufasiri, huanzia hapo, na simjali mwanafunzi ni wa dini gani, kwa sababu kazi ile ni ya kifundi.

Nidokeze jambo dogo, maana huwa naulizwa. Watu huona "earth" na "ardhi" wakadhani ni ndugu. Si ndugu. "Earth" ni ndugu wa "Erde" ya Kijerumani. Ardhi tumeipokea kutoka Kiarabu. Zimefanana sura tu. Na dunia pia tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kitu kilicho karibu, kilicho chini, kwa kulinganishwa na akhera. Ndiyo maana kwetu neno dunia halikai peke yake. Ukilitaja, akhera inasikika nyuma yake. Dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Dunia ni mti mkavu, kiumbe usiulemee.

Kwa hiyo mwanafunzi akiona "What on earth are you doing?" akaandika "Unafanya nini duniani?", ameandika swali ambalo mtu hujiuliza usiku wa manane akiwa amelala chali. Mwingereza hakuwa na mawazo hayo hata kidogo. Pale "on earth" haina udongo wala dunia ndani yake. Ni nguvu ya sauti tu, mshangao, pengine hasira. Kiswahili chake ni "Hivi unafanya nini jamani?" Ile "jamani" ndiyo imebeba "earth" nzima. Wakati mwingine jibu la swali langu ni hilo: ni earth ipi? Hakuna.

Sasa turudi kwenye chumvi.

"Salt of the earth" inatoka kwenye mstari ule niliousoma. Waingereza wanayo tangu karne ya 14, katika Biblia ya wafuasi wa John Wycliffe. William Tyndale akaichapisha tena katika Agano Jipya lake la 1526, lililochapwa Ujerumani na kuingizwa Uingereza kwa siri. Tyndale alinyongwa mwaka 1536 karibu na Brussels, mwili wake ukachomwa moto, akiwa amehukumiwa kwa uzushi wa dini baada ya ufasiri wake kumfanya mkimbizi. Mnaona? Kuna watu waliofia kazi hii tunayoifanya kwa haraka haraka chini ya turubai. Toleo la 1611, lile la Mfalme James, likachukua mengi ya Tyndale, na nahau ikakaa vinywani mwa watu mpaka leo.

Leo inamaanisha nini? Mtu mwema asiye na jina kubwa. Mtu wa kutegemewa. Jirani anayekuja na ndoo ya maji kabla hujaomba. Haisemwi juu ya waziri kwa sababu ni waziri, wala juu ya tajiri kwa sababu ana mali.

Lakini chumvi kwetu ina mambo yake! Mtu akizidisha habari, ametia chumvi. Mtu akiishi miaka mingi, amekula chumvi nyingi. Nilipowauliza wanafunzi wangu zamani maana ya "He is the salt of the earth", mmoja aliandika "mzee wa siku nyingi", mwingine akaandika "mwongo". Niliwapa wote sifuri. Leo nisingewapa sifuri. Walikuwa wamesikia chumvi kwa masikio ya Kiswahili, na masikio yale ni mazuri. Kilichopungua ni mtu wa kuwaambia kwamba chumvi ya Mwingereza imetoka kwenye chungu kingine. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya kuanika maji ya bahari. Ndugu zetu wa Kigoma wanajua ya Uvinza, ambako maji ya chumvi yanabubujika kutoka ardhini na watu wameyachemsha tangu zamani sana. Hiyo ndiyo chumvi inayotoka kwenye ardhi kweli, na bado siyo hii ya kwenye barua! Iliyo kwenye barua ni mtu.

Na "down to earth" je? Hapa ndipo penye kidonda, naomba tukae kidogo.

Katika Kiswahili, chini ni mahali pabaya kwa kiasi kikubwa. Hali ya chini. Watu wa chini. Ameangushwa chini. Aliye juu mngoje chini. Basi kijana aliposikia "down", na "earth" ikamvuta tena chini, akaenda chini mara mbili. Ningekuwa mimi, kwenye msiba, mbele ya watu, bila kalamu, sina hakika ningesema tofauti.

Lakini sikilizeni. Kiswahili kina chini nyingine. Tuna neno kujishusha. Mtu aliyewekwa chini tunamhurumia, na mtu aliyejishusha tunamheshimu, ilhali wote wawili wako chini. Hata Kiingereza kimepita njia hiyo: "humble" imetoka kwenye neno la Kilatini "humilis", na "humilis" imetoka kwenye "humus", yaani udongo. Kwa hiyo "down to earth" iko upande wa kujishusha. Tuna namna nyingi za kuisema, na ninayoipenda kuliko zote ni hii: hana makuu.

Hata hivyo "hana makuu" haimalizi. Ndani ya nahau ile kuna jambo la pili: mtu anayeyaona mambo yalivyo, asiyeota mchana, anayejua nini kinawezekana leo kwa vitu vilivyopo. Yule marehemu, chaki zikiisha shuleni, hakuitisha kikao. Alichukua kipande cha muhogo mkavu akaandika nacho ubaoni, kipindi kikaendelea. Hiyo ndiyo "down to earth". Mwandishi wa barua alikuwa amefundisha darasa la pili kutoka pale. Nadhani alikuwa anaona ule muhogo alipokuwa anaandika.

Twende kwa mbweha.

Nilipokuwa nafasiri nyaraka kwa kulipwa, ilinipitia mikononi tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine, ya maelezo kuhusu mtu aliyetuhumiwa kuchukua fedha za watu. Kiingereza kilisema, "He went to ground in March." Tafsiri ilisema, "Alianguka chini mwezi Machi." Walimu, mnaona kilichotokea? Mtoro amegeuzwa mgonjwa. Anayesoma atamwonea huruma.

Nahau hii, pamoja na wenzake "go to earth" na "run to earth", inatoka kwenye uwindaji wa mbweha kwa mbwa na farasi, mchezo wa wakubwa wa mashambani Uingereza kwa karne nyingi, mpaka sheria ya 2004 ilipoupiga marufuku Uingereza na Wales kuanzia Februari 2005. Shimo la mbweha huitwa "earth". Ndiyo, shimo! Ni earth nyingine kabisa. Na kulikuwa na mtu mwenye kazi yake maalumu: usiku wa kuamkia siku ya uwindaji, mbweha akiwa ametoka kutafuta chakula, mtu huyu alizunguka na koleo akiziba mashimo. Asubuhi mbwa wakimkurupua mbweha, anakimbilia nyumbani, anakuta pamezibwa. Kukiwa na shimo lililosahauliwa bila kuzibwa, mbweha huingia humo, na hapo ndipo "amekwenda to earth": amejificha. Wawindaji wakimfuata mpaka shimoni wakampata, wame"run him to earth": wamemsaka mpaka wakamfikia.

Kiswahili cha huyu mtuhumiwa mnakijua wote. Semeni. (Ukumbi: "Ameingia mitini!") Ameingia mitini! Mwingereza hujificha chini ya ardhi kama mbweha wake, sisi tunajificha kwenye miti. Sentensi nzima ilikuwa na maneno manne tu: "Mwezi Machi akaingia mitini." Kwa hati ya mahakama, basi "akajificha". Tungekuwa salama.

Kwa kuwa nimetaja shimo, nitaje na waya, halafu nipite. "Earth" ya fundi umeme ni ule waya unaoshuka mpaka kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Mmarekani huuita "ground". Mafundi wetu wanasema waya wa ethi, na wamefanya vizuri. Nimewahi kushika kijitabu cha jokofu ambacho kwa Kiingereza kinasema "This appliance must be earthed" na kwa Kiswahili kinasema kifaa hiki lazima kifukiwe. Ndugu zangu, umeme ukivuja kwenye bati la jokofu lisilo na ethi, wa kwanza kuligusa anaweza kufa. Pale ethi inapofanya kazi, umeme unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Mama wa nyumbani anayesoma kijitabu kile atakitupa, kwa sababu hana mpango wa kuzika jokofu.

Nahau nyingine nitazigusa kwa kupita. "It costs the earth": ni ghali mno, bei haishikiki. "He promised the earth": aliahidi mambo asiyoyaweza. Hapa napenda jinsi lugha mbili zinavyokwenda pande tofauti, maana Mwingereza anaahidi earth nzima, na sisi tunaiita ahadi hewa. "She moved heaven and earth": alifanya kila liwezekanalo, kwa udi na uvumba. Msije mkaandika "alisogeza mbingu na ardhi", kwa sababu kwetu mbingu na ardhi hutaja tofauti. Tukisema ndugu wawili ni mbingu na ardhi, hawajasogea popote, hawafanani tu.

Na kuna mahali lugha hizi mbili zinakutana bila kusukumwa. Mwingereza akiaibika sana hutamani ardhi ifunguke immeze. Na wewe je? Mimi natamani vivyo hivyo, na sikufundishwa na Mwingereza. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Kora katika Hesabu sura ya 16, ardhi ilipofunua kinywa chake. Wasomaji wa Qur'ani wanamkumbuka Qaruni katika Surat al-Qasas, alivyodidimizwa yeye na nyumba yake. Picha hiyo tunayo wote. Hapo fasiri neno kwa neno, hutakosea.

Imebaki moja, nayo nitaisema taratibu. "Scorched earth."

Udongo hauungui. Chukua moto, chukua udongo, utapata tofali. Basi earth hii ni ipi? Ni kila kitu ambacho udongo unalisha: shamba lililosimama, kihenge kilichojaa, zizi, paa la nyumba. Jeshi linapopita likichoma hivyo vyote ili adui asipate cha kula, ndiyo "scorched earth". Kiingereza kilipata maneno haya mwaka 1937, kwa kufasiri neno la Kichina, "jiaotu", udongo uliounguzwa, wakati Wachina walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Japani na kuchoma vya kwao wenyewe wasimwachie adui.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kufika kwetu kabla ya jina. Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Vita vya Majimaji vikaenea sehemu kubwa ya kusini. Wajerumani walipoona risasi peke yake haimalizi, walichoma vijiji, wakachoma mazao, wakachukua akiba ya chakula. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Wakulima ndio walioanza kwa kung'oa mmea mmoja wasioutaka, wakajibiwa kwa kuunguziwa kila mmea waliouhitaji.

Sasa hivi nasoma magazeti ya Kiingereza yakisema wanandoa fulani wanaachana kwa "scorched earth", au kampuni fulani inagombana na nyingine kwa "scorched earth". Mwingereza ana uhuru na lugha yake. Mimi nikifasiri maneno hayo kwa msomaji wa Songea au Kilwa, siandiki "kuunguza ardhi" kwa ajili ya talaka ya watu wawili. Naandika kwamba wamegombana bila kuachiana kitu. Maneno mazito nayaweka kwa ajili ya 1905. Mwalimu mmoja aliniambia hapo nje kwamba natia hisia kwenye kazi ya kiufundi. Ni kweli, natia. Msomaji wangu ana babu.

Nimalizie nilipoanzia, chini ya turubai.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliomba ile barua kwa wenyewe, nikakaa nayo, nikaifasiri upya kwenye karatasi ya daftari. Sentensi ile peke yake ilinichukua muda mrefu kuliko barua nzima. Nilikata nikaandika, nikakata nikaandika. Mwisho nikaandika hivi: "Mama huyu hakuwa na makuu. Aliyaona mambo yalivyo, akafanya linalofanyika. Alikuwa mmoja wa wale watu wema ambao pasipo wao dunia haina ladha."

Siku ya kuanua tanga nikampelekea binti mkubwa. Aliisoma amesimama mlangoni. Akaisoma tena. Akaniuliza, "Ndivyo alivyoandika?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Akageuka ndani akamwita yule kijana, akampa karatasi, akamwambia awasomee watu waliokuwa uani, kwa sauti, kuanzia mwanzo.

Asanteni kwa kunisikiliza.